DOT 3, DOT 4, 5.1 au DOT 5: mafuta gani ya breki yanafaa gari la zamani?

Fungua boneti ya Corolla ya miaka ya 90 usome kifuniko cha kikopo cha breki: kimeandikwa DOT 3, au BF-3 kama gari lilitengenezwa kwa soko la Japani lenyewe. Nenda dukani, muuzaji anakuletea DOT 4. Ukimwambia kifuniko kinasema 3, anakujibu kwamba 4 ni bora. Duka la jirani wanakwambia hata hiyo 4 imepitwa, chukua 5.1. Na fundi wako, kama ni mtu wa kupenda namba kubwa, atasema: "Bosi, tafuta DOT 5, hiyo ndiyo mwisho wa matatizo."

Muuzaji wa kwanza yuko sawa kwa magari mengi. Wa pili hajakosea, ila anakuuzia kitu ambacho pengine hukihitaji. Wa kuogopa ni fundi.

Msimamo wangu nauweka mapema ili ujue naelekea wapi: kwa magari yetu ya zamani, umri wa mafuta yaliyomo ndani ya mfumo una uzito kuliko namba iliyoandikwa kwenye chupa. Namba nazo zina maana yake, basi tuanze nazo.

| | DOT 3 | DOT 4 | DOT 5.1 | DOT 5 |
|---|---|---|---|---|
| Asili yake | glaikoli | glaikoli yenye borati | glaikoli yenye borati | silikoni |
| Huchemka yakiwa mapya | 205°C | 230°C | 260°C | 260°C |
| Huchemka yakishaingia maji | 140°C | 155°C | 180°C | 180°C |
| Huvuta unyevu | ndiyo | ndiyo | ndiyo | hapana |
| Hubabua rangi ya gari | ndiyo | ndiyo | ndiyo | hapana |
| Huchanganyika na | 4 na 5.1 | 3 na 5.1 | 3 na 4 | DOT 5 peke yake |

Nyuzi hizo ni kiwango cha chini kinachodaiwa na kanuni ya usalama ya Marekani namba 116. DOT ni kifupi cha jina la wizara yao ya uchukuzi. Chupa nyingi hupita hapo, na watengenezaji wenye kujiamini huandika takwimu zao nyuma ya lebo. "Yakishaingia maji" maana yake ni mafuta yaliyokwisha kunywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango ambacho gari linaweza kukifikia bila mtu kumwagia hata tone.

Sasa lisome jedwali kwa mshazari. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205. DOT 4 iliyozeeka huchemka kwenye 155. Kwa hiyo mwenye DOT 3 aliyoibadilisha mwezi jana anamzidi kwa nyuzi 50 yule anayejisifu ana DOT 4, lakini haijaguswa tangu gari lishuke bandarini. Mabishano ya dukani kuhusu 3 na 4 ni ya nyuzi 25 tu.

Kuchemka kuna ubaya gani? Mafuta hayashindiliki, ndiyo maana mguu wako unafika kwenye tairi kupitia paipu nyembamba. Mvuke unashindilika. Ukishuka Kitonga na mzigo, au barabara ya Lushoto kuja Mombo, au Mai Mahiu kwa walioko Kenya, huku mguu umelala kwenye breki muda wote, joto la pedi linapita kwenye pistoni ya kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) na kuingia kwenye mafuta. Yakichemka, ukikanyaga unakandamiza mvuke, pedeli inakwenda mpaka sakafuni na gari linaendelea na safari yake. Kibaya zaidi, ukisimama nusu saa kila kitu kinapoa na pedeli inarudi kuwa ngumu kama kawaida. Fundi anakagua, haoni panapovuja, anakwambia gari zima. Tatizo limejificha, halijapona. (Na hakuna chupa inayochukua nafasi ya kushuka mlima kwa gia namba mbili. Hilo lisemwe mara moja, tuendelee.)

Maji yanaingiaje? Kupitia tundu dogo la kupumulia kwenye kifuniko, na taratibu kupitia hozi za mpira zenyewe. Mafuta ya glaikoli yana kiu ya unyevu, na hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja ina unyevu wa kugawa bure. Gari linalokaa uani bila kutembea linakunywa vilevile. Wenye magari ya Jumapili wasidhani wamesalimika kwa kuwa kilomita hazisongi.

Kwa gari la zamani, mimi naona kuchemka ni hasara ya pili. Ya kwanza ni kutu. Silinda za breki za magari haya ni chuma au aluminiamu, na mafuta yenye maji yanazila polepole mpaka ukuta wake unakuwa na vishimo vidogo. Mpira wa masta silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedeli) ukipita juu ya vishimo hivyo unachanika kidogo kidogo. Baada ya hapo ndipo unapoona pedeli inazama taratibu ukiwa umesimama kwenye foleni, na unaanza kutafuta masta silinda ya gari lenye miaka 35.

DOT 3 au DOT 4

Hapa hakuna sababu ya kuumiza kichwa. Zote mbili ni za ukoo mmoja, zinaruhusiwa kuchanganyika, na mipira ile ile inazikubali zote. Ukiongeza DOT 4 juu ya DOT 3 hakuna kinachoharibika, ila usitegemee kupata nyuzi 230 kamili. Ukifanya kinyume, yaani gari lililoandikiwa DOT 4 ukalitia DOT 3, umelishusha, na hilo nisingelifanya kwa hiari.

Corolla, Mark II, Hilux, Hiace, Land Cruiser za familia ya 70, Peugeot 504, hata Beetle: tia DOT 4 kama gari linabeba mzigo, linashuka milima au linavuta tela. Kama ni gari la mjini, linazunguka Mwenge na Kariakoo, na wewe ni mtu wa kubadilisha kila mwaka, DOT 3 inatosha kabisa na bei yake huwa nafuu. Nikiulizwa nichague moja bila kujua gari linafanya kazi gani, nasema DOT 4, kwa sababu hata ikichoka inaanzia juu zaidi. Lakini nasema hivyo kwa mtu atakayeibadilisha. Kuna watu hununua DOT 4 kana kwamba ni chanjo ya maisha.

Magari ya Kiingereza ya miaka ya 50 na 60, Land Rover za Series na Morris na Austin, yana habari yake. Yalitoka kiwandani na mipira ya asili ya mti, na watengenezaji wa breki wakati ule walisisitiza mafuta yao maalumu. Ukienda nyuma zaidi, mafuta ya breki ya mwanzo yalikuwa mchanganyiko wa pombe na mafuta ya mbarika, huo huo mnyonyo unaoota majalalani, kwa kuwa hayakuudhuru mpira wa asili. Leo mipira inayouzwa kama spea ni ya kutengenezwa, na kama breki za Land Rover yako zimewahi kufunguliwa na kuwekewa mipira mipya miaka ya karibuni, DOT 4 ya kawaida inaingia bila shida. Kama una gari ambalo halijafunguliwa tangu enzi za babu, swali la mafuta lisubiri; nunua mipira na hozi kwanza.

DOT 5.1

Watu huichanganya na DOT 5, na walioipa jina hili hawakutusaidia hata kidogo. 5.1 ni glaikoli, ndugu wa 3 na 4. Sifa yake kubwa, mbali na joto la kuchemka, ni wepesi: kanuni inaitaka ibaki nyepesi hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ambapo DOT 4 inaruhusiwa kuwa nzito maradufu. Vali ndogondogo za ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) na mifumo ya kuzuia gari lisiteleze hupenda mafuta mepesi yanayokimbia haraka.

Corolla 110 isiyo na ABS haina vali hizo, na Dodoma haina baridi hiyo. Unachonunua hapo ni zile nyuzi 260 tu, ambazo nazo hushuka mpaka 180 usipobadilisha. Si vibaya; dereva wa Noah anayeshuka Lushoto kila siku na abiria anaweza kuona thamani yake. Kwa wengine, tofauti ya bei ningeipeleka kwenye chupa ya pili ya DOT 4 ya mwakani.

DOT 5, ya yule fundi

Silikoni ina mvuto wake. Haili rangi. Hainywi unyevu. Ndiyo maana jeshi la Marekani liliichagua kwa magari yanayokaa bohari muda mrefu, na Harley-Davidson waliitumia kwa miaka mingi kwenye pikipiki zao. Mtu mwenye gari la maonyesho lililopakwa rangi kwa gharama, linalotoka mara chache kwa mwaka, ana hoja ya kuitaka.

Kwa gari la kazi, hesabu inageuka. Kutokunywa maji hakuna maana kwamba maji hayaingii. Yanaingia, na kwa kuwa hayana pa kuyeyukia yanatuama sehemu ya chini kabisa, mara nyingi ndani ya kalipa, mahali penye joto kuliko pote. Huko yanachemka kwa nyuzi 100 kama maji ya chai, na kutu inashambulia sehemu ile ile moja. Silikoni pia hushika vipovu vya hewa kwa ukaidi, hivyo pedeli hubaki laini hata baada ya kutoa upepo vizuri. Kwenye ABS haitakiwi kabisa.

Na hapa ndipo fundi anapokuwa hatari: silikoni haichanganyiki na glaikoli. Ukiimimina juu ya DOT 3 iliyomo, mfumo unakuwa na mafuta mawili yasiyopatana. Kuhamia DOT 5 kwa haki ni kufungua kila kitu, kusafisha paipu, kubadilisha mipira yote na hozi, ndipo uanze upya. Ukiona mafuta ya zambarau kwenye kikopo cha gari unalotaka kununua, muulize mwenye gari maswali mengi. Rangi hiyo hutiwa kwenye silikoni.

Kuna jamii ya tano, mafuta ya kijani ya Citroën yaitwayo LHM, ambayo ni mafuta ya madini. Yalikuja na DS katika miaka ya 60, yakaendelea na GS, CX na BX. Mwenye gari hizo huwa anajua. Sheria ni moja tu: LHM haiingii kwenye gari la DOT, na DOT haiingii kwenye gari la LHM. Mipira ya kila upande inauawa na mafuta ya upande wa pili.

Kilichomiminwa na wenzako kabla yako

Gari la zamani limepita mikono mingi, na si mikono yote ilikuwa na chupa ya DOT siku kikopo kilipokauka njiani. Wapo waliotia oili ya injini. Wapo waliotia ATF, yaani mafuta ya giaboksi otomatiki, au mafuta ya pawa stelingi, kwa kuwa nayo "ni haidroliki". Wapo waliotia maji ya sabuni.

Nikiwekwa kwenye kona nilinganishe maovu haya, maji ndiyo yenye hasara ndogo. Sishauri uyatie, maana yanachemka kwa nyuzi 100 na kuleta kutu. Lakini gari likishavutwa mpaka gereji, unayatoa, unasafisha, unatia mafuta mapya, na mipira inaweza kuwa salama. Oili na ATF ni kesi nyingine. Siku ya kwanza breki zinafanya kazi na dereva anajiona mjanja. Kisha mipira inavimba, pistoni hazirudi, breki zinajishika zenyewe na tairi zinanuka moto. Hapo dawa ni kubadilisha kila kipande cha mpira kuanzia masta silinda hadi silinda za tairi, hozi zikiwemo. Kusafisha peke yake hakusaidii, kwa kuwa mpira umeshainywa ile oili.

Kabla ya kuamua mafuta ya kununua, fanya vipimo viwili. Vua kifuniko cha kikopo utazame ule mpira wa ndani: kama umevimba na kujikunja kiasi kwamba haurudi mahali pake, shuku mafuta ya madini, kama oili au ATF. Kisha chota mafuta kidogo kwa bomba la sindano, uyatie kwenye glasi ya maji. Glaikoli inayeyuka na kupotea. Oili, ATF, LHM na silikoni zinaelea juu. Kipimo hicho ni bure na kinakuepusha kumwaga DOT 4 nzuri juu ya uchafu.

Rangi peke yake haitoshi kutoa hukumu. Mafuta meusi kweli yamechoka, lakini mafuta yanayong'aa yanaweza kuwa yamejaa maji, sababu maji hayana rangi. Vile vipimo vya umbo la kalamu vyenye taa husaidia kutambua mafuta mabovu, ingawa nisingevitumia kumshawishi mtu asibadilishe. Watengenezaji wengi husema kila miaka 2. Pwani, na kwa gari la zamani, kila mwaka si ubadhirifu.

Na kama kikopo kinapungua mara kwa mara, usiongeze tu. Mafuta ya breki hayaungui kama oili ya injini. Ama pedi zimekwisha na pistoni zimesogea nje, ama kuna panapovuja.

Kubadilisha: njia tatu

Njia ya watu wawili, mmoja akikanyaga na mwingine akifungua nipo (skrubu ndogo ya kutolea upepo iliyo kwenye kila tairi), ndiyo ya kila gereji, na ndiyo inayoua masta silinda za zamani. Katika matumizi ya kila siku pistoni yake hutembea nusu ya njia tu. Nusu iliyobaki ina kutu na utando ambao mpira haujawahi kuugusa. Siku ya kutoa upepo fundi anamwambia msaidizi wake, "Kanyaga mpaka chini!", na mpira unakwenda kukwaruzwa kwenye kutu. Jioni unaambiwa masta imekufa yenyewe. Weka kipande cha ubao chini ya pedeli ili isifike sakafuni, na ukanyagaji uwe wa pole.

Njia ya mvuto haihitaji mtu wa pili wala haigusi masta: fungua nipo, vesha mpira mwembamba unaoishia kwenye chupa, acha mafuta yashuke yenyewe huku ukijaza juu. Ni ya polepole, na nipo zilizoziba kwa vumbi haziruhusu. Kwa gari ambalo siijui historia yake, ndiyo ninayoipenda. Ya tatu ni pampu ya kunyonya kutoka kwenye nipo: ya haraka, safi, ila hewa hupenya kwenye meno ya skrubu ya nipo, unaona vipovu visivyoisha na kudhani mfumo una hewa. Wengi hunyonya kwanza, kisha wakamalizia kwa pedeli mara chache.

Njia yoyote utakayochagua, anza kwa kunyonya mafuta machafu yote kwenye kikopo na kufuta tope la chini. Bila hivyo unausukuma uchafu huo kwenye paipu. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia anza tairi la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia, isipokuwa kitabu cha gari kikisema vingine. Baadhi ya Hilux na Land Cruiser zina nipo nyingine kwenye vali ya mzigo, karibu na ekseli ya nyuma, na mafundi huiruka. Kikopo kisikauke katikati ya kazi. Lita 1 inatosha gari dogo, na inabaki ya kuongeza.

Nipo zilizoshikwa na kutu zipewe mafuta ya kulegeza tangu jana yake, na zifunguliwe kwa soketi ya pembe sita. Spana mbovu ikizimumunya, umebadilisha kazi ya mafuta kuwa kazi ya kalipa. Kama klachi ni ya mafuta, kama kwenye Land Rover na Hilux, nayo ibadilishwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa ni mafuta yale yale na kila mtu huisahau.

Mafuta yakimwagikia rangi, mwagia maji mengi papo hapo; glaikoli inakubali maji. Ukifuta kwa kitambaa kikavu unaisambaza. Chupa inunuliwe ikiwa na karatasi yake ya kuziba bado nzima, na ikishafunguliwa isikae rafu ya gereji hadi msimu ujao ikisubiri gari la mtu mwingine. Ukimkuta fundi anamimina kutoka chupa iliyo nusu, mpe ya kwako.

Kabla gari halijatoka, injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu. Ishike kwa nguvu ukiwasha injini: itashuka kidogo kwa msaada wa busta (kifaa kinachoongezea mguu nguvu), kisha isimame. Endelea kuishika dakika nzima. Ikizidi kuzama na hakuna panapovuja nje, tatizo ni masta, na mafuta mapya hayataliondoa. Kisha jaribu breki uani kwa mwendo mdogo, tazama kila nipo kama ni kavu, na kesho yake asubuhi angalia tena kiwango cha kikopo. Bandika utepe juu ya kifuniko wenye tarehe na aina uliyotia.